SEVA INAPOLIA, INASEMA NINI?



  

 Katika toleo hili tumeona tuwaandikie juu ya jambo la elimu ya kompyuta, kwa sababu baadhi yenu mnakusudia kushika kazi ya ufundi mtakapomaliza masomo, na wengine mtakuwa walimu, makatibu na wahasibu mtakaotegemea mashine hizi kila siku. Tutazungumzia milio inayotolewa na kompyuta ya seva pale inapowashwa na ikashindwa kuendelea.

Jambo lenyewe linaonekana dogo, lakini linawagharimu watu fedha nyingi. Mtu anawasha mashine, kioo kinabaki cheusi, mashine inalia mara kadhaa kisha inanyamaza. Anaitwa fundi. Fundi asiyejua kusikiliza anasema, "Mazabodi imekufa, nunueni mashine nyingine." Kwa aliye Dar es Salaam huo ni usumbufu wa siku moja au mbili. Kwa sisi wa Mpanda, mashine inafungwa kwenye boksi na kusafirishwa zaidi ya kilomita elfu moja, na huku nyuma shule, duka la dawa au chama cha kuweka na kukopa kinakaa bila kumbukumbu zake. Mara nyingi ugonjwa wenyewe ulikuwa ni kipande cha memori kilicholegea, na mashine ilikwisha kusema hivyo kwa mlio wake. Ila hapakuwa na aliyehesabu.

SEVA NI NINI?

Seva ni kompyuta kama kompyuta nyingine, isipokuwa kazi yake ni kuzihudumia kompyuta zenzake. Katika ofisi yenye kompyuta kumi, seva ndiyo inayotunza majalada ya wote: matokeo ya mitihani, orodha ya wanachama, hesabu za mauzo. Kwa kuwa haitakiwi kuzimika ovyo, hutengenezwa kwa uangalifu zaidi. Nyingi zina pawasaplai mbili, ili moja ikifa nyingine iendelee. Zina diski kadhaa zinazosaidiana, na memori ya aina inayoitwa ECC, ambayo huweza kugundua makosa madogo ya kumbukumbu na kuyasahihisha yenyewe.

Hivyo basi, kompyuta moja ya mezani ikiugua, anaumia mtu mmoja. Seva ikiugua, wanaumia wote.

KWA NINI INALIA BADALA YA KUANDIKA?

Unapobonyeza kitufe cha kuwashia, kompyuta haianzi kazi papo hapo. Kwanza hujikagua. Pawasaplai hutuliza umeme na kuijulisha mazabodi kuwa umeme uko sawa. Kisha prosesa huanza kusoma programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya mazabodi, inayoitwa BIOS. Programu hiyo huikagua mashine kiungo kwa kiungo: prosesa, saa ya ndani, memori, kadi ya picha, kibodi, na mwisho diski.

Sasa tuzingatie mpangilio huo. Ili maneno yaonekane kwenye kioo, lazima memori na kadi ya picha viwe vizima. Je, kama kilichokufa ni memori yenyewe? Mashine haiwezi kuandika chochote. Njia iliyobaki ni kispika kidogo kilichoko kwenye mazabodi, ambacho hakihitaji memori wala kioo ili kilie. Mashine hukitumia kutoa milio kwa idadi maalumu, na kila idadi ina maana yake.

Wazazi wenu wanaufahamu mtindo huu. Miaka ya 2000, vocha za simu zilipokuwa ghali kwa wengi, watu walikuwa wakibipiana kwa mapatano: bipu moja maana yake nimefika salama, bipu mbili maana yake nipigie. Ujumbe ulifika bila neno kusemwa, kwa sharti kwamba anayepokea anayajua mapatano na anahesabu vizuri. Seva nayo inakubipu.

Na nyinyi wanafunzi wa madrasa mna fadhila moja katika jambo hili. Masikio yenu yamekwisha kuzoezwa na tajwidi. Mnajua kutofautisha madda ya harakati mbili na madda ya harakati sita bila kutazama saa. Milio ya kompyuta nayo ina mirefu na mifupi, na ina vituo kati yake. Anayeweza kuhesabu harakati hatashindwa kuhesabu milio.

KILA KAMPUNI INA MAPATANO YAKE

Kompyuta ndogo ya IBM ilipotolewa mwaka 1981, mapatano yalikuwa mepesi. Mlio mmoja mfupi ulikuwa na maana kwamba ukaguzi umekwisha salama. Mlio mrefu mmoja na mfupi mmoja ulielekeza kwenye mazabodi. Mlio mrefu mmoja na mifupi miwili ulielekeza kwenye kadi ya picha. Baadaye zikatokea kampuni nyingine zilizoandika BIOS zao wenyewe, zikiwemo AMI, Award na Phoenix, na kila moja ikaweka mapatano yake. Award na Phoenix ziliungana mwaka 1998, lakini mashine zilizokwisha kuuzwa ziliendelea kulia kwa mtindo wake wa asili.

Kwa BIOS za AMI za mtindo wa zamani, milio mifupi huhesabiwa hivi:

Mlio 1, 2 au 3: hitilafu ya memori.
Milio 4: saa ya ndani ya mazabodi.
Milio 5: prosesa.
Milio 6: sehemu inayoongoza kibodi.
Milio 7: prosesa au mazabodi.
Milio 8: memori ya kadi ya picha.
Milio 9: programu ya BIOS yenyewe imeharibika.
Milio 10: sehemu inayohifadhi mipangilio ya mashine.
Milio 11: memori ya haraka inayosaidia prosesa.

Kwa BIOS za Award, mlio mrefu mmoja na mifupi miwili ni kadi ya picha, na mlio unaojirudia bila kukoma kwa kawaida ni memori. Phoenix hutoa milio kwa mafungu manne yenye vituo kati yake. Kwa mfano, mlio mmoja, kisha mitatu, kisha mmoja, kisha mmoja, huelekeza kwenye memori. Mlio mmoja, kisha miwili, kisha miwili, kisha mitatu, huelekeza kwenye programu ya BIOS.

Kompyuta nyingi za Dell nazo zina hesabu yake: 1 ni BIOS, 2 ni memori haionekani kabisa, 3 ni mazabodi, 4 ni memori inaonekana lakini haisomeki, 5 ni betri ndogo ya saa, 6 ni kadi ya picha na 7 ni prosesa.

Angalieni sasa milio mitano. Kwa AMI ni prosesa. Kwa Dell ni betri ndogo ya saa. Kwa kompyuta nyingi za ofisini za HP za zamani ni memori. Mlio ni ule ule, maana ni tatu. Fundi aliyekariri orodha moja akaitumia kwa mashine zote anaweza kumuuzia mtu prosesa ya bei kubwa, kumbe mashine ilikuwa inaomba betri ya CR2032 ya volti 3, ile ya duara kama sarafu. Kwa hiyo swali la kwanza ni "mashine hii ni ya nani na ya mwaka gani?" kabla ya "imelia mara ngapi?" Jibu hupatikana kwenye kibandiko cha ubavuni au chini ya kifuniko, na maana kamili ya milio hupatikana kwenye kitabu cha matengenezo cha mashine hiyo hiyo.

KWANZA, NI NANI ANAYELIA?

Katika chumba cha seva kuna zaidi ya kimoja kinachoweza kulia. Kabla ya kuhesabu, sogeza sikio ujue sauti inatoka wapi.

Wa kwanza ni UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme kwa muda mfupi unapokatika. UPS hulia kujulisha kwamba inatumia betri, na hulia kwa haraka zaidi au mfululizo betri inapokaribia kuisha. Kwa mji wetu ambao kwa miaka mingi ulitegemea mitambo ya dizeli, mbali na gridi ya taifa, sauti hii inajulikana sana, na ni rahisi mtu kuidhania kuwa ni ya seva.

Wa pili ni kadi inayosimamia diski. Hii tutaieleza peke yake hapo chini.

Wa tatu ni ukaguzi wa kuwashia ambao ndio somo letu. Alama yake ni hii: hulia sekunde chache tu baada ya kubonyeza kitufe, kabla ya kioo kuonyesha kitu, na ukizima na kuwasha tena hurudia idadi ile ile.

HATUA ZA UCHUNGUZI

Mosi, sikiliza mara tatu na uandike. Zima, subiri kidogo, washa tena. Andika kwenye karatasi: mirefu mingapi, mifupi mingapi, vituo viko wapi, taa gani zinawaka na kwa rangi gani. Usitegemee kumbukumbu ya kichwa, wala usikubali tu maneno ya aliyekusimulia kwamba "ililia lia hivi".

Pili, uliza kilichotokea kabla. Je, umeme ulikatika? Kulikuwa na radi? Mashine ilihamishwa? Kuna mtu aliyeongeza kitu ndani? Mashine iliyosafirishwa kwenye barabara ya vumbi na mashimo mara nyingi huwa na kitu kilicholegea tu.

Tatu, chomoa nyaya zote za umeme. Kumbuka kwamba seva inaweza kuwa na pawasaplai mbili, kwa hiyo kuchomoa waya mmoja hakutoshi. Ukishachomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha boksi kabla ya kugusa chochote cha ndani, kwa sababu umeme tuli wa mwilini mwako unaweza kuua memori bila wewe kuhisi. Ama pawasaplai yenyewe, usiifungue kamwe. Ndani yake hubaki umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Nne, anza na kilicho chepesi. Kama mlio unaelekeza kwenye memori, chomoa vipande vyote, safisha meno yake ya dhahabu kwa kitambaa laini kikavu au chenye spiriti kidogo, puliza vumbi kwenye sloti, kisha rudisha kipande kimoja tu katika sloti ya kwanza. Sloti hiyo huonyeshwa kwenye mchoro ambao seva nyingi zimebandikwa ndani ya kifuniko. Ikiwa seva ina prosesa mbili, tumia sloti za prosesa ya kwanza. Sukuma mpaka vishikio vya pembeni vifunge. Washa.

Tano, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na mashine ikapona, hutajua kilichoiponya, na ugonjwa ukirudi utaanza upya.

Tutoe mfano. Tuchukulie seva yenye BIOS ya AMI na vipande vinne vya memori. Umeme umekatika na kurudi, na sasa inatoa milio mitatu mifupi. Orodha inasema memori, lakini ipi kati ya nne? Unaweka kipande cha kwanza peke yake, inawaka. Unajaribu cha pili peke yake katika sloti ile ile, inawaka. Cha tatu, inalia mara tatu. Cha nne, inawaka. Hapo umejua mgonjwa ni kipande cha tatu. Lau vyote vinne vingewaka katika sloti ya kwanza, lakini mlio ukarudi kila unapojaza sloti ya tatu kwa kipande chochote kile, basi mgonjwa angekuwa sloti. Kanuni ni hii: tazama ugonjwa unamfuata nani. Ukikifuata kipande, kipande ndicho kibovu. Ukibaki mahali pale pale, mahali ndipo pabovu.

Na utakapokwenda kununua kipande kingine, nenda na kile kibovu mkononi. Memori za seva zina aina zake, na aina mbili zisizopatana zikichanganywa, mashine italia tena hata kama vyote viwili ni vizima.

IKINYAMAZA KABISA

Mlio ni habari, na kimya pia ni habari. Ikiwa feni hazizunguki na hakuna taa, anza na soketi, waya, UPS na pawasaplai. Ikiwa feni zinazunguka lakini hakuna mlio wala picha, fanya jaribio hili: chomoa memori zote na uwashe. Mashine yenye kispika ikilia kulalamikia memori, jua kwamba prosesa na mazabodi angalau viko hai, maana vimeweza kugundua upungufu na kuutangaza. Ikiendelea kunyamaza, shaka inahamia kwenye mazabodi, prosesa au pawasaplai.

Lakini hakikisha kwanza kwamba kispika kipo. Mazabodi nyingi za miaka ya karibuni hutoka kiwandani bila kispika, zikiwa na vijiti vidogo tu vilivyoandikwa SPEAKER mahali pa kukichomeka. Fundi mwenye busara huwa nacho kimoja kwenye mkoba wake.

Pia BIOS ya zamani imepokewa na mfumo mpya uitwao UEFI, na mashine nyingi sasa hutumia taa kuliko milio. Dell hutumia taa zinazowaka na kuzima kwa mpangilio, na seva zake nyingi zina kioo kidogo cha maandishi mbele. Kompyuta za HP za karibuni hulia milio mirefu pamoja na taa nyekundu, kisha mifupi pamoja na taa nyeupe. Seva za Dell na HP huwa pia na kompyuta ndogo ya ndani, iitwayo iDRAC kwa Dell na iLO kwa HP, ambayo huandika daftari la kila hitilafu na hufanya kazi hata seva ikiwa imezimwa, maadamu waya wa umeme umechomekwa. Kanuni ya kusikiliza, kuhesabu na kuandika haijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba macho yamelisaidia sikio.

MLIO USIOPASWA KUNYAMAZISHWA

Tuliahidi kueleza mlio wa kadi ya diski. Seva nyingi huunganisha diski kwa mpango uitwao RAID, ili diski moja ikifa kumbukumbu zisipotee. Katika RAID 1, diski mbili hubeba nakala ile ile. RAID 5 huhitaji diski tatu au zaidi na huvumilia kifo cha diski moja. RAID 6 huvumilia vifo viwili.

Diski moja inapokufa, seva huendelea kufanya kazi kama kawaida, ila kadi ya diski inaweza kulia bila kukoma hata baada ya mashine kuwaka vizuri. Hapa ndipo hatari ilipo. Kwa kuwa kila kitu kinafanya kazi, mlio unaonekana kama kero. Mtu huunyamazisha kupitia programu, na ofisi inashukuru kwa utulivu. Miezi inapita, diski ya pili inakufa, na matokeo ya wanafunzi wa miaka mingi yanaondoka nayo. Mlio huo ulikuwa na maana moja: umebakiwa na nafasi moja tu. Ukiusikia, kwanza nakili kumbukumbu zote mahali pengine, kisha tafuta diski ya kubadilisha. Na usichomoe diski nyingine kwa kubahatisha. Tazama ni ipi yenye taa ya hitilafu, na uziandike namba zote kabla ya kugusa.

MAZINGIRA YETU

Mkoa wetu wa Katavi una kiangazi chenye vumbi na masika yenye radi. Vumbi huziba feni na kukaa kwenye sloti. Joto la mchana na ubaridi wa usiku hutanua na kusinyaza vyuma hadi vipande vikalegea taratibu. Radi huingia kwa waya wa umeme na pia kwa waya wa mtandao, na wengi huchomoa wa kwanza wakausahau wa pili. Basi fungua na usafishe seva angalau mara mbili kwa mwaka, baada ya kuizima kwa utaratibu. Weka UPS yenye betri nzima, na uinue mashine isikae sakafuni.

AMANA YA FUNDI

Tumesoma katika tafsiri ya Suratul Hujurat mafundisho ya kuihakikisha habari kabla ya kuitegemea. Mlio ni habari. Unakuonyesha pa kuanzia kutafuta, lakini haujawa hukumu. Mlio wa memori unaweza kutokana na kipande kibovu, sloti yenye vumbi au mazabodi yenye kasoro. Anayetoa hukumu kabla ya kuhakikisha anaweza kula mali ya mtu bila haki, hata kama hakukusudia.

Mteja aliyekuletea seva hajui kilichomo ndani, naye amekuamini. Mwambie ulichokisikia, ulichokijaribu na ulichokikuta, umwonyeshe karatasi yako. Kipande ulichokitoa mrudishie, kwani ni mali yake. Majalada yake usiyafungue, kwani ni siri za watu. Kama dawa ilikuwa ni kukaza kipande kilicholegea, mtoze ujira wa kazi hiyo, usimtoze bei ya mazabodi. Fundi wa namna hii hatakosa kazi Mpanda, wala Inyonga, wala Karema.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa na mikono yenye uaminifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.